Karama ya Mtoto Si Mtaji wa Mtu

Wapendwa washarika, vijana wetu wanasoma. Hawasomi tuliyosoma sisi, wala hawasomi kwa namna tuliyosoma sisi. Wengi wanasoma kwenye simu, na baadhi yao wanasoma hadithi za picha kutoka Japani ziitwazo manga, ambazo hufunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto, kana kwamba mtu anaanzia mwisho wa kitabu. Tukimwona binti ameinamia simu akilia kwa ajili ya mtoto aliyechorwa, tunauliza anasoma nini. Tukijibiwa kwamba ni hadithi ya wanafunzi wenye uwezo usio wa kawaida, mmoja anawasha moto bila kiberiti, mwingine anasoma mawazo ya wenzake, mwingine anaelea hewani, hukumu hutoka papo hapo: huo ni uchawi. Futa. Choma.

Nataka kubishana na hukumu hiyo. Simtetei kila mchoraji wa Japani, maana humo mna pumba nyingi na nyingine zina sumu. Nazungumzia hadithi moja niliyoisoma hadi mwisho. Nasema kwamba hadithi hii tunayotaka kuichoma inashitaki dhambi ambayo sisi tumeizoea hadi hatuioni tena, nayo ni kumgeuza mtoto mwenye karama kuwa mtaji wa watu wazima. Tukimnyang'anya binti simu bila kusikiliza shitaka hilo, tutakuwa tumemfukuza shahidi na kumwacha mshitakiwa akae madhabahuni.

Hadithi yenyewe

Inaitwa Gakuen Alice, na mwandishi na mchoraji wake ni Tachibana Higuchi. Ilichapishwa kwa mfululizo katika jarida la wasichana liitwalo Hana to Yume, yaani Maua na Ndoto, kuanzia 2002 hadi 2013, ikakusanywa katika vitabu 31. Kati ya 2004 na 2005 shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilionyesha katuni yake katika sehemu 26. Ni hadithi ya aina iitwayo shojo, yaani ya wasichana, yenye macho makubwa, maua pembeni ya kurasa, urafiki na machozi. Ukiitazama kwa juu utadhani ni peremende tupu.

Msichana wake anaitwa Mikan Sakura. Mikan kwa Kijapani ni chenza. Ana miaka kumi, analelewa na babu yake kijijini, na ana rafiki mmoja wa moyoni, Hotaru, ambaye jina lake maana yake ni kimulimuli. Hotaru ana akili ya kuunda mashine za ajabu, na siku moja anachukuliwa kwenda Tokyo, kwenye shule maalumu ya watoto wenye vipawa. Mikan hawezi kuvumilia. Anafunga safari peke yake kumfuata. Ndipo tunapokutana na picha inayojulikana sana katika hadithi za shule za Kijapani: mwanafunzi mgeni aliyehamia, amesimama mbele ya darasa zima, anajitambulisha, na macho yote yanamwuliza, wewe unaweza nini?

Katika shule hiyo swali hilo si la mchezo. Kila mtoto pale ana uwezo wa kuzaliwa nao unaoitwa Alice. Wapendwa, tulieni hapa kidogo. Uwezo huitwa Alice, na mtu mwenye uwezo huo naye huitwa Alice. Jina la kipawa limemmeza mtu. Tena shule imewapanga watoto kwa nyota: asiye na nyota, nyota moja, mbili, tatu, na juu kabisa nyota maalumu. Nyota ndiyo inayoamua mtoto atalala chumba gani, atakula chakula gani na atapewa fedha kiasi gani za matumizi. Mikan anaanza bila nyota. Analazwa kwenye chumba kibovu, na chakula chake ni cha kubangaiza, huku jirani zake wakila kama wageni wa harusi.

Uwezo wake ni upi? Ni kuzima. Karama za wengine zikimwelekea, zinakoma. Natsume, kijana wa moto anayeogopwa na darasa zima, anapokutana naye, moto wake haumpati. Katika shule ya maajabu, karama ya mtoto huyu mgeni ni kuyafanya maajabu yanyamaze. Ndiyo maana anawekwa katika kundi la vipawa vya mchanganyiko, watoto wasiojulikana pa kuwekwa, wanaochekwa na wenzao. Nao, tamasha la shule linapofika, wanabuni mchezo wao wenyewe, na wageni waliokuwa wakiwapita wanaanza kupanga foleni mlangoni kwao.

Kadiri kurasa zinavyoendelea, peremende inayeyuka na uchungu unaanza. Watoto hawaruhusiwi kutoka nje ya ukuta mpaka wamalize masomo. Kuwaona wazazi ni jambo la nadra. Lipo kundi la watoto wenye uwezo wa hatari, na hao hutumwa usiku kufanya kazi za siri kwa manufaa ya wakubwa. Natsume ni mmoja wao. Uwezo wake hauna kikomo, lakini kila anapoutumia unapunguza siku za maisha yake. Wakubwa wanajua hivyo, na bado wanamtuma. Anatii kwa sababu wamemshikilia dada yake mdogo. Ana nyota maalumu, chumba kizuri na chakula bora, naye anatumika kama mshumaa unavyotumika.

Hiyo ndiyo hadithi tunayosema inafundisha uchawi.

Hoja ya Efeso

Ndugu zangu wanaotaka vitabu hivi vichomwe wana andiko, na ni haki walijibiwe kwa heshima. Wanasoma Matendo 19, ambapo waamini wa Efeso walikusanya vitabu vya uganga wakavichoma hadharani, na thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande vya fedha elfu hamsini. Ni habari kuu, na sitaki kuipunguza hata kidogo. Lakini tuisome ilivyo. Waliochoma walikuwa wenyewe wakitumia mambo hayo, nao walichoma vitabu vyao wenyewe. Hakuna aliyeingia chumbani kwa mtoto wa jirani kutafuta cha kuchoma. Tena vile vilikuwa vitabu vya kazi. Mtu alivinunua ili apate maneno ya kutamka, dawa ya kuchanganya, jina la pepo wa kumwita. Ndiyo maana vilikuwa ghali.

Katika Gakuen Alice hakuna pepo anayeitwa. Hakuna damu inayomwagwa wala maneno ya kunuizia. Msomaji akifunga kitabu cha 31 hana kitu cha kwenda kujaribu nyuma ya nyumba. Torati inakataza katika Kumbukumbu la Torati 18 kupiga ramli, kuroga, kuwauliza wafu, na sisi sote tunaliamini katazo hilo. Lakini katazo hilo linahusu watu wanaotafuta nguvu kwa mlango wa nyuma. Watoto wa hadithi hii hawakutafuta nguvu yoyote. Wamezaliwa nayo, na wengi wao wangeitoa kwa furaha wangeruhusiwa kurudi nyumbani wakale na mama zao.

Sisemi kwamba kitabu hakina kasoro. Kina mzaha kuhusu mapenzi usiowafaa watoto wadogo, na mwalimu mmoja ana uwezo wa kuwalegeza watu kwa mvuto wake, jambo ambalo mwandishi analifanyia utani mahali ambapo mimi sikuona cha kuchekesha. Kina mapigano na vifo. Krismasi yao ina zawadi na mti bila Mtoto wa Bethlehemu. Mungu hatajwi kama tunavyomjua. Mzazi anayo haki, tena anao wajibu, kusema kwamba mtoto wa miaka minane asubiri. Lakini kusema "subiri, tutasoma pamoja" ni kitu kimoja, na kusema "hiki ni cha shetani" bila kufungua hata ukurasa mmoja ni kitu kingine. Kutoa hukumu hiyo juu ya kitabu ambacho hujakifungua ni ushuhuda wa uongo, nao umekatazwa kwenye amri zilezile tunazowakaririsha wanafunzi wa kipaimara.

Nathani na mwana-kondoo

Wengine watasema: haya, si uchawi, lakini ni hekaya tu ya watu wasiomjua Mungu, itatufundisha nini? Nawakumbusha habari ya Nathani katika 2 Samweli 12. Mfalme Daudi alikuwa ametenda dhambi nzito na alikuwa amelala usingizi mzuri. Nabii hakumjia na mahubiri. Alimjia na hekaya ya tajiri aliyekuwa na mifugo mingi, akamnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja aliyemlea kama binti. Daudi alimkasirikia sana yule tajiri wa hekaya, akamtolea hukumu ya kifo. Ndipo Nathani akamwonyesha kwamba tajiri huyo ni yeye mwenyewe.

Basi nasi tuikasirikie ile shule ya Tokyo. Tuwakasirikie wakubwa wanaowapa watoto nyota, wanaowatenga na wazazi, wanaomtuma mtoto mpaka siku zake zinakwisha. Tukiisha kukasirika vya kutosha, tuangalie mabango.

Mmeyaona. Mtoto wa miaka tisa amevaa suti na tai, ameshika kipaza sauti kinachomzidi mkono, na juu ya picha yake imeandikwa Nabii Mtoto, au Mhubiri Mtoto, au Mtoto wa Upako. Jina alilopewa kwenye ubatizo limeandikwa kwa herufi ndogo, au halipo kabisa. Ameitwa kwa karama yake, kama wale wa kwenye manga. Mkesha huanza saa tatu usiku. Saa nane za usiku anasukumwa mbele kuweka mikono juu ya watu wazima wenye magonjwa, madeni na ndoa zilizovunjika, na anatakiwa aone kitu. Asipoona afanye nini, na watu wamesafiri? Mtoto huyo anajifunza mapema kwamba lazima aone. Baada yake chombo cha sadaka kinapita. Asubuhi yupo njiani kuelekea mji mwingine, na darasani kiti chake kiko wazi.

Na msiniambie kwamba hayo yako kwa wengine, kwenye mahema ya barabarani, na sisi wa makanisa ya zamani tumesalimika. Sisi nyota zetu tunazigawa kwa utaratibu tu. Mtoto mwenye sauti nzuri anawekwa mstari wa mbele wa kwaya kwa sababu mashindano ya jimbo yanakaribia, na anayeimba kwa furaha bila kushika sauti anaambiwa akae. Mtoto anayekariri ngonjera ndefu anapewa Krismasi, Pasaka na Siku ya Mikaeli na Watoto. Mwenye kigugumizi anakunja viti. Mzee wa usharika anamjua kwa jina yule wa kwanza, na huyu wa pili anamwita "wewe kijana". Tumewapanga bila nyota, na wanajua kila mmoja amepangwa wapi. Watoto hawahitaji beji ili kusoma macho ya watu wazima.

Binti wa Filipi

Katika Maandiko yupo msichana mwenye uwezo usio wa kawaida, na ajabu ni kwamba tunapokuwa na semina za karama hatumkumbuki. Yumo katika Matendo 16. Ni mtumwa, yuko mji wa Filipi, ana pepo wa uaguzi. Hatuambiwi jina lake. Tunachoambiwa ni kwamba alikuwa na mabwana, si bwana mmoja, na kwamba aliwapatia faida nyingi.

Alimfuata Paulo na wenzake siku nyingi akipiga kelele kwamba hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu na kwamba wanahubiri njia ya wokovu. Maneno yale yalikuwa kweli tupu. Hakuna neno moja ndani yake ambalo Paulo angelisahihisha. Lilikuwa tangazo la bure kwa mkutano wake, tena kutoka kinywa ambacho mji mzima ulikiamini. Wangapi kati yetu wangelikataa? Tungemkodia gari la matangazo. Paulo aliudhika, akageuka, akamtoa yule pepo kwa jina la Yesu Kristo. Sauti ikanyamaza saa ileile.

Hapa ndipo ninapowajibu wale wanaosema, "Lakini anachosema mtoto huyu kinatimia." Huenda kinatimia. Aliyosema binti wa Filipi yalikuwa kweli pia. Ukweli wa maneno haukuwapa mabwana zake haki ya kumfanya shamba. Na jambo la kwanza ambalo Injili ilimfanyia binti huyo, kabla ya jambo lingine lolote tunaloambiwa, lilikuwa kumfanya msichana wa kawaida, asiye na kitu cha kuuza.

Tazameni basi mabwana wale walivyofanya. Luka anaandika waziwazi kwamba waliona tumaini lao la faida limepotea. Wakamkamata Paulo na Sila wakawakokota mpaka sokoni. Je, mbele ya mahakimu walisema neno juu ya fedha? Hata moja. Walizungumza habari za mji kuvurugwa, habari za desturi, habari za Uyahudi na Urumi. Ndivyo ilivyo hadi leo. Mguse mtoto anayeingiza fedha, utasikia juu ya upako, juu ya kumzuia Roho, juu ya maadui wa huduma. Neno sadaka hutalisikia.

Na sasa rudini kwa Mikan, yule chenza asiye na nyota. Mwandishi wake haandiki kama Mkristo anayehubiri, na mimi simfanyi kuwa hivyo kwa nguvu. Lakini amechora shule nzima iliyojengwa juu ya faida ya karama za watoto, akamleta mgeni ambaye karama yake ni kuzizima. Mbele yake Natsume si silaha tena. Ni mvulana aliyechoka. Mwishoni mwa hadithi Mikan anaondoka shuleni bila uwezo wake na bila hata kumbukumbu, anarudi kwa babu yake kijijini akiwa msichana kama wengine. Na bado marafiki zake wanamtafuta mpaka wanamwona. Hawamtafuti kwa sababu ya anachoweza. Hawezi kitu. Wanamtafuta kwa sababu ni yeye.

Binti anayelia juu ya simu yake analia hapo. Wewe unadhani ameingiwa na pepo. Yeye anajiuliza kama siku akipoteza sauti ya kuimba, akifeli mtihani, akikosa cha kusema mbele ya watu, yupo atakayekwenda kumtafuta. Swali hilo ni la imani kuliko maswali mengi tunayoulizana kwenye semina.

Samweli alilala

Najua andiko litakaloletwa kunipinga: mbona Samweli alikuwa mtoto na Mungu akasema naye? Nashukuru kwa andiko hilo, maana ndilo linalotuumbua. Someni sura ya pili na ya tatu ya 1 Samweli pamoja. Mtoto alitolewa kwa Bwana, lakini mama yake hakuzuiwa mlangoni. Hana alipanda kila mwaka pamoja na mumewe akimletea mwanawe kanzu ndogo aliyomshonea, na kila mwaka ilibidi ashone kubwa kidogo. Mtoto alikuwa na mama aliyejua urefu wa mikono yake.

Sauti ilipomwita usiku, Eli alimrudisha kulala, mara moja, na mara ya pili. Hata mara ya tatu, alipotambua kwamba ni Bwana anayemwita, bado alimwambia aende akalale, akamfundisha jinsi ya kujibu. Hakumwamsha mtu mwingine. Hakukusanya watu usiku ule. Na kulipokucha, mtoto aliyesikia sauti ya Mungu alifanya nini? Alifungua milango ya nyumba ya Bwana, kazi yake ya kila siku. Na ujumbe wenyewe haukuwa wa kumfurahisha mlezi wake wala wa kujaza chombo chake. Ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli, ambaye wanawe walikuwa wakijinenepesha kwa sadaka za watu. Mungu anapochagua kinywa cha mtoto, wenye nyumba wajiangalie.

Wengine watasema namzimisha Roho. Mtume anakataza kumzimisha Roho katika 1 Wathesalonike 5, na katika pumzi ileile anaagiza tupime kila kitu. Mtoto hawezi kupimwa akiwa jukwaani saa nane za usiku mbele ya watu elfu. Anapimwa kama Samweli, kwa utulivu, na mtu mzima asiyenufaika na jibu.

Ndugu zetu wa Korintho walikuwa na ugonjwa huuhuu. Walipenda karama zenye kishindo, wakapangana kwa karama hizo, na waliokosa walijiona si kitu. Paulo aliwajibu kwa sura tatu, ya 12 hadi ya 14 ya waraka wa kwanza. Aliwaambia kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi. Na katikati ya sura hizo akaweka upendo, akasema kwamba unabii utakoma na lugha zitakoma. Karama zote zina siku ya kuzimwa. Tukimfundisha mtoto kwamba thamani yake ni karama yake, tumemjengea nyumba juu ya kitu ambacho Mungu mwenyewe ametangaza kwamba kitakwisha.

Na Bwana Yesu alisema zaidi ya hapo. Wale sabini waliporudi wakishangilia kwamba pepo wanawatii, aliwaelekeza wafurahi kwa jambo lingine, kwamba majina yao yameandikwa mbinguni (Luka 10). Majina, wapendwa. Huko haikuandikwa Nabii Mtoto wala Sauti ya Dhahabu. Limeandikwa lile jina dogo la ubatizo tulilolibana chini ya bango.

Tunachopaswa kufanya

Polemiki isiyo na agizo ni kelele, kwa hiyo nasema ninayoyataka.

Mabaraza ya wazee yakatae mtoto kupewa cheo cha huduma. Mtoto aitwe kwa jina lake. Akiwa na neno, aliseme kwa mchungaji wake na wazazi wake, na lipimwe huko.

Sadaka isikusanywe kamwe kwa kutumia karama ya mtoto, iwe ya kuombea, kuhubiri au kuimba. Mkiona ni agizo gumu, mjiulize kwa nini ni gumu.

Mtoto alale usiku na aende shule asubuhi. Mkesha ni wa watu wazima.

Walimu wa Shule ya Jumapili wapange zamu ya masomo, nyimbo na sala kwa watoto wote, mwenye kigugumizi na mwenye ulimi mwepesi, na usharika ujifunze kungoja neno linalotoka taratibu. Kungoja huko nako ni ibada.

Na ninyi wazazi, kabla ya kufuta kilichomo kwenye simu, kaeni chini na mtoto mwulize ni nani anayemwonea huruma katika hadithi hiyo, na kwa nini. Mwaweza kusikia jambo juu ya nyumba yenu wenyewe. Mkiisha kusikia, mfungulieni Matendo 16 mwonyesheni binti wa Filipi. Atamtambua mara moja. Amekwisha kumsoma, ingawa kwa jina jingine.

Bwana wetu alisema habari ya jiwe kubwa la kusagia na shingo ya mtu anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa. Hakusema hivyo kwa wachoraji wa Japani. Wakati ule alikuwa amemweka mtoto katikati ya wanafunzi wake, waliokuwa wakiuliza ni nani mkubwa katika ufalme wa mbinguni. Alimweka mtoto yule katikati bila kumwomba aonyeshe chochote.